Mwanamke Aliyetuombea

Pale kituoni tulimwita Mama Uhisani. Mlangoni kwake kulikuwa na kibao chenye cheo kirefu, maneno ya uhusiano na maendeleo na rasilimali, ila sidhani kama kuna aliyewahi kukisoma mpaka mwisho. Yeye mwenyewe akiulizwa anafanya kazi gani alijibu kwa neno moja: "Naomba." Asiyemjua alidhani ni mama wa maombi wa kanisani, naye hakumsahihisha.

"Si uongo," aliniambia siku moja. "Wao wanaomba kwa Mungu, mimi naomba kwa wenye ng'ombe."

Kituo chetu kinatafiti mbegu na udongo, nje kidogo ya Bariadi. Mishahara hulipwa na serikali, lakini mishahara haijengi maabara wala hainunui gari la kwenda mashambani. Vitu vikubwa vilitoka kwa watu na taasisi walioamua kutoa, na kazi ya kuwafikisha kwenye kuamua ilikuwa yake. Haikuwa michango ya kupitisha bakuli. Alikuwa na watu wachache wenye uwezo, wafanyabiashara wa pamba, wenye mabasi, wafugaji wakubwa, na wengine wa nje ya nchi, akiwafuata polepole, baadhi yao kwa miaka, mpaka siku moja mtu anatoa kitu ambacho watoto wake watakuja kukitaja msibani kwake.

Mimi ni mtafiti wa mtama. Nilianza kufuatana naye kwa sababu alihitaji mtu wa kueleza sayansi, na wenzangu wote walikuwa wamekwisha kumkimbia. Safari ya saa moja ukiwa na Mama Uhisani ilikula siku nzima. Mara ya kwanza kufika kwa mtu hakutaja kilichomleta. Mara ya pili pia hakukitaja. Aliulizia ng'ombe kwa rangi zao, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika amezaa? Aliulizia mtoto aliyekuwa anaumwa masikio. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta yangu mapajani, michoro yote tayari, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Kisukuma alijifunza ukubwani na alikikosea hovyo. Akisema "Mwangaluka" asubuhi ilikuwa sawa, lakini akishaingia kwenye mazungumzo, wazee walicheka mpaka wakajifuta machozi. Baadaye niligundua kwamba makosa mengine alikuwa ameshayajua kuwa ni makosa, na aliyaacha makusudi.

"Mtu akikusahihisha mara tatu," alisema, "umeshakuwa mtu wake."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, ya kwake mwenyewe, na aliisema kama mtu anayetoa maelekezo ya kupika. Ule nilioukumbuka zaidi baadaye ni huu: "Anayekupa ng'ombe anakupa na kamba." Alimaanisha kwamba hakuna zawadi kubwa isiyokuja na sharti, na kwamba mwenye akili huangalia kamba kabla hajaangalia ng'ombe.

Alikuwa na kisukari. Daktari wa hospitali alishamkataza sukari, naye alijua vizuri kwamba kwenye nyumba nyingi tulizoingia chai huletwa ikiwa tayari imetiwa sukari, tena nyingi, kwa sababu ni heshima. Hakuwahi kuirudisha. Aliinywa yote, akashukuru, na tukiwa garini alifumba macho kimya huku kiganja kikiwa tumboni. Kipindi cha Kwaresima alifurahi kama mtoto, kwa sababu alikuwa na sababu ya kusema amefunga.

"Kwa nini usiwaambie tu kwamba unaumwa?" nilimwuliza.

"Wakishajua naumwa watanionea huruma. Anayekuonea huruma anakupa ya kula leo. Hakupi maabara."

Mimi aliniita daktari, kwa ajili ya shahada yangu, na alinitambulisha hivyo kila mahali. Kijiji kimoja, mzee aliposikia hivyo aliondoka bila neno akarudi anamburuta mbuzi aliyevimba kiwele. Nilianza kujitetea kwamba mimi ni daktari wa mimea. Mama Uhisani akanikanyaga mguu. Nikainama, nikamshika mbuzi, nikasema awekewe kitambaa cha maji ya moto na akamuliwe mara kwa mara, kama nilivyoona mama yangu akifanya. Sijui mbuzi yule aliishia wapi. Najua mzee yule ndiye aliyelipia mabomba ya maji ya bustani yetu ya miche.

Kazi ngumu zaidi aliyonipa ilikuwa ya kujifunza kusema. Ninachotafiti ni kiduha, gugu linaloota kwenye mtama na mahindi. Kabla halijachomoza juu ya ardhi huwa limeshashika mizizi ya mtama na kuinyonya, na unapoona maua yake ya zambarau, mavuno yako yameshaliwa chini kwa chini. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Siku tuliyofanya mazoezi ofisini kwake nilianza hivi: "Kiduha ni mmea kimelea unaotegemea vichocheo vya kikemikali vinavyotolewa na—"

"Simama," akasema. "Mzee ameshalala."

Nikaanza tena. Akanisimamisha tena.

"Mtu ukimweleza jambo, jioni lazima aweze kumsimulia mke wake. Asipoweza, hujamwambia kitu. Wewe kiduha ulikijua wapi kwanza? Chuo kikuu?"

Nilifunga kompyuta. Kisha nikamwambia kwamba mama yangu alikuwa na shamba la mtama nje kidogo ya Binza, kule Maswa. Mwaka mmoja lilijaa maua ya zambarau, mazuri sana. Nilikuwa mdogo. Niliyachuma mkono mzima nikampelekea. Akayapokea, akayatazama, akakaa chini pale pale shambani. Majirani walisema amerogwa. Miaka iliyofuata alilima vibarua kwenye mashamba ya wengine.

Mama Uhisani alisogeza kiti chake karibu yangu.

"Shahada zote hizo," akasema, "na hilo ulilificha wapi?"

Tangu siku hiyo sikuwahi kufungua kompyuta mbele ya mtu. Nilisimulia maua.

Nisimpambe kupita kiasi. Kuna mambo ambayo hatukuelewana, na mengine hatujaelewana mpaka leo. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa pamba ambaye kila mkulima wa upande ule alijua kwamba mizani yake inamla mtu. Mama Uhisani alimfuata, akanywa chai yake, akacheka vichekesho vyake, na mwishowe mtu yule akajenga chumba cha kuhifadhia mbegu, jina lake likachorwa juu ya mlango. Wakulima waliokuja kwenye mafunzo walilisoma jina lile wakatazamana.

Nilimfuata ofisini. "Mama, unajua mizani yake."

"Naijua."

"Na bado?"

"Mbegu zitakazokaa mle ndani hazitauliza zimejengewa na nani. Na mwizi wa mizani naye ana mama, na mama yake ana shamba lenye kiduha."

Sikukubali. Nilimwambia kwamba wakulima wale wametoa chumba kile kwa jasho lao na shukrani amepewa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inawezekana," akaendelea kukunja kitenge chake. Chumba bado kipo, na jina bado lipo.

Kwa hiyo lililotokea Dutwa lilimshangaza kila mtu, mimi wa kwanza.

Taasisi moja ya nje ilikuwa imeahidi kutupa vifaa vya maabara ambavyo tulikuwa tukiviota kwa muda mrefu. Kamba yake ilikuwa hii: kituo kiwe na shamba lake chenyewe la majaribio, lenye kiduha kingi, lililo mikononi mwetu kisheria. Tulihitaji ardhi mbovu, na ilibidi iwe yetu. Mama Uhisani akamkumbuka mzee mmoja mfugaji wa upande wa Dutwa, mwenye mifugo mingi na nyumba mbili, ambaye alikuwa akimtembelea tangu zamani. Mzee aliposikia ombi alicheka sana.

"Yaani mnataka shamba langu bovu? Lile lililoshindikana?"

"Hilo hilo, baba."

"Chukueni. Na laana yake."

Siku ya makabidhiano tulikwenda wengi. Mkurugenzi wetu alivaa tai. Viongozi wa kijiji walikuwepo, viti vimepangwa, soda zimeletwa. Mimi nilishaanza kupima kwa macho mahali nitakapoweka mistari ya kwanza. Wakati watu wanasubiriana, Mama Uhisani alikwenda kutembea pembeni mwa shamba, na viatu vyake vya kisigino, ambavyo hakuviacha hata kwenye matope ya mbuga. Nilimwona akisimama. Akaniita kwa mkono.

Ukingoni mwa shamba kulikuwa na majivu, na pembeni ya majivu rundo la kiduha kilichong'olewa. Vingine vilikuwa vimekauka, vingine bado vibichi, udongo ungali kwenye mizizi. Rundo lingine lilikuwa mbele kidogo, na lingine tena. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiking'oa kimoja kimoja na kukichoma.

Tukarudi kwenye viti. "Baba," akamwuliza mzee, "nani anang'oa kiduha kule?"

"Wanawake," mzee akasema.

"Yupi?"

Mzee akaelekeza kidevu jikoni. Mke wake mdogo alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, anatupikia. Mama Uhisani akaenda akachuchumaa naye, nami nikamfuata.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "shamba lile ni la nani?"

"La baba mwenye nyumba."

"Nani analilima?"

"Mimi."

"Unapata kitu?"

Yule mama aliangalia mikono yake kwanza. Kisha akatazama juu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa habari njema. "Mwaka juzi nilipata debe moja. Mwaka jana mawili na kidogo. Linapona."

Mama Uhisani akanigeukia. "Daktari. Linaweza kupona?"

Ningeweza kusema hapana. Vifaa vile vilikuwa vyangu kuliko vya mtu mwingine yeyote pale kituoni. Lakini nilikuwa nimeyaona marundo yale.

"Akiking'oa kabla hakijatoa mbegu," nikasema, "kila mwaka, asiruke hata mmoja. Ndiyo. Polepole, lakini ndiyo."

Akasimama, akakung'uta kitenge, akarudi kwa mzee. Hakukaa. Alipiga goti kidogo, kama mwanamke anavyomsalimu mkubwa, akasema taratibu, kila mtu akisikia: "Baba, nilikuja kuomba shamba lililokufa. Nimekuta la kwako liko hai. Mke wako amelifufua, na wewe hukuniambia kwa sababu ya ukarimu wako. Siwezi kuomba kitu kilicho hai. Naomba ulitunze."

Mkurugenzi alikohoa. Mzee alimtazama Mama Uhisani, kisha akatazama jikoni, kisha akatazama viti na soda na viongozi wa kijiji.

"Nimeshasema natoa," akasema.

"Umesema, baba, na sisi tumeshukuru."

"Umekuja kwangu kuomba, na sasa unakataa?"

"Ndiyo, baba."

"Mwombaji wa namna hii sijapata kumwona." Akainuka, akaenda zizini kwake bila kutuaga. Chakula tulikila, kwa sababu kilikuwa kimeshaiva na mwenyewe aliyekipika alikuwa amesimama mlangoni, haelewi bado kama amefanya kosa.

Garini Mkurugenzi alivua tai na kuikunja. Tulipokuwa tunaipita senta ya Dutwa, baiskeli zimejaa barabarani na dereva anapiga honi, ndipo aliposema.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Vifaa vimekwenda."

"Vimekwenda."

"Utawaambia nini wale?"

"Nitawaambia shamba lina mtu."

Vifaa vilikwenda kweli, nchi nyingine kabisa. Yeye alipewa onyo, na msimu mzima ofisi yake ikahamishiwa kwenye stoo ya zamani, kati ya magunia matupu. Mimi nilikuwa na hasira. Nilimwambia kwamba yule mama angeweza kupewa shamba jingine, kwamba mzee ana ardhi tele, kwamba utafiti ule ungewafaa maelfu ya wanawake kama yeye. Hakubisha.

"Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Lakini mimi nisingeweza kurudi kwake kunywa chai."

Asubuhi ya pili nilikuta mezani kwangu mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakukuwa na ujumbe. Niliila.

Msimu uliofuata, siku ya gulio, basi la kutoka Dutwa lilimshusha mwanamke getini kwetu na kiroba kizito. Alikuwa yule mke mdogo. Alikuwa amesikia nyumbani kwamba kilichotakiwa hasa hakikuwa shamba, ni udongo mbaya. "Nimewaletea," akasema. "Bado upo mwingi. Huu ni wa upande wa chini, huko sijafika bado."

Mama Uhisani alimpokea kama nilivyowahi kumwona akimpokea balozi. Alimtolea kiti chake mwenyewe, akaagiza soda, akaenda kumtoa Mkurugenzi kikaoni. Mkurugenzi akaja, amekunja uso, akasimama mbele ya kiroba kile. Kisha akainama akampa yule mama mikono yote miwili. Sikumwona tena akiwa na kinyongo baada ya hapo, na Mama Uhisani alirudishiwa ofisi yake kabla mvua hazijaanza.

Udongo ule niliutia kwenye vyungu. Nilipanda aina tatu za mtama. Mbili zilinyonywa mpaka zikakauka. Moja ilisimama, imedumaa lakini imesimama, na mpaka leo ninafanya kazi na watoto wa mtama ule. Mwenye udongo huja kila msimu kuuangalia. Mzee wake naye alikuja mara moja, akazunguka vyungu vyote mikono nyuma, akasema mtama ule unamtosha kuku mmoja.

Mara ya mwisho kukaa na Mama Uhisani ilikuwa Nyalikungu, nyumbani kwake, baada ya kustaafu. Nilikuwa nimekuja Binza kumwona mama, nikasema nipite. Nilimkuta barazani anachambua dengu. Macho yalikuwa yamepungua sana, alizitambua punje kwa vidole, na mimi alinitambua kwa sauti. Tuliongea habari za kituo, nani amehama, nani ameolewa. Kisha akausukuma ungo pembeni.

"Daktari, nataka kukuuliza kitu. Miaka yote ile nimewaombea. Nimekwenda kwa matajiri, kwa mabalozi, kwa maaskofu. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniomba mimi?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Niliagwa, mkanipa kitenge na saa ya ukutani. Nikasema labda sasa watakuja. Mlipiga simu, ndiyo. Mlikuwa mnataka namba za watu."

"Mama, tuliona aibu. Tuliona umeshatoa vya kutosha."

"Nilifanya kazi. Kazi nililipwa mshahara. Zawadi sijatoa." Akaweka mikono mapajani. "Haya. Niombe."

Nilivuta kiti. Nilianza kusema kwamba kama itampendeza, na kama hali inaruhusu, na bila kumlazimisha.

"Unanionea huruma," akasema. "Anza upya."

Nikaanza upya. Nikamwambia kwamba mvua zilikuwa zimekatika mapema, kwamba miche yangu nainyweshea maji ya kununua, na kwamba paa la maabara ni kubwa na kila mvua ikinyesha maji yake yote yanapotelea mtaroni. Tunahitaji mifereji ya paa na matangi mawili makubwa.

"Kwa nini mimi?"

Nikasema kilichokuja mdomoni. "Kwa sababu najua kila kitu pale kimetolewa na nani. Hata mlango wa chooni. Na hakuna ninachoweza kumwonyesha mtu nikasema, hiki ni cha Mama."

Aligeuza uso upande wa barabara. Alikaa hivyo, akishika ncha ya kanga yake, mpaka nikaogopa kwamba nimemuudhi. Alipogeuka aliuliza bei. Nikamtajia.

"Zote sina," akasema. "Nusu ninayo. Nipe viatu vyangu."

"Tunakwenda wapi?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lililofunguliwa mwaka ule ule. Nje yake matangi yalikuwa yamepangwa, meusi, marefu kuliko mlango. Mwenye duka hakumfahamu zaidi ya kuamkiana. Nilimshika mkono tukavuka, yeye akipapasa ukingo wa mtaro kwa ncha ya kiatu. Kijana yule mwenye duka akainuka kutoka kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Leo tukupe nini, misumari?"

"Marahaba, mwanangu. Leo sinunui." Akasimama wima, mkono wake bado umekamata wangu, akanitambulisha jina na kazi, kisha akaweka kiganja kwenye tangi lililokuwa karibu yake. Nilikuwa nimemsikia akiomba mara nyingi, lakini sauti ile nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Mimi nimeshatoa nusu," akasema. "Sasa nimekuja kwako."